Dai la Mbuzi Mwenye Miguu Inayokunjika

Yapo mataifa yaliyojaliwa dhahabu, yapo yaliyojaliwa mafuta, na ilikuwapo nchi moja iliyojaliwa sheria. Ilikuwa nazo nyingi hata nyingine hazikuwa zimepata mtu wa kuzivunja. Wananchi wake walikuwa watu wema: walilima, walioana, walizikana, na walijaza fomu. Mkuu wao aliitwa Mtukufu Mlezi. Jina lake la utotoni halikujulikana, maana wote waliolijua walikuwa wamepewa ubalozi katika nchi za mbali.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Banda la Mbao, aliishi fundi seremala aitwaye Mize binti Kombo. Useremala aliurithi kwa baba yake, aliyekosa mtoto wa kiume na akaona si sababu ya kuziacha randa zishike kutu. Kwa miaka kumi na tisa Mize alichonga mbuzi. Kila aliyewahi kula wali wa nazi anajua mbuzi ni nini: kile kiti kifupi chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno, unakikalia, unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, unakuna. Msomaji anajua. Nasisitiza kwamba anajua, kwa sababu baadaye itathibitishwa mahakamani kuwa hajui.

Mize aliishi na shangazi yake, Bi Mgeni, mpishi mstaafu wa harusi. Bi Mgeni alikuwa amepika kwa ajili ya nusu ya ndoa za mji ule, na nyingi ya ndoa hizo zilikwisha kabla ya sufuria zake. Sasa magoti yalikuwa yamemsaliti. Mbuzi ya kawaida iko chini, karibu na ardhi. Akiketi hainuki, akiinuka haketi tena. Akawa mtu wa kuomba akuniwe nazi, na kwa mwanamke wa aina yake hilo lilikuwa sawa na kuomba atafuniwe chakula.

Basi Mize akaanza kufikiri. Ilimchukua miaka miwili. Alibuni mbuzi yenye miguu minne mirefu, iliyoungwa kwa bawaba za mbao, ambayo ukiikunjua inafikia urefu wa kiti cha kawaida na ukiikunja inalala chini ya kitanda. Mara mbili miguu ilijikunja kabla ya wakati na kumbwaga Bi Mgeni sakafuni, na mara zote mbili Bi Mgeni alitoa ushauri wa kitaalamu kwa lugha ambayo siwezi kuiandika. Mara ya tatu mbuzi ilisimama imara. Bi Mgeni akakuna nazi tatu mfululizo bila kusema neno, kisha akaomba ya nne.

*

Majirani wakamshauri Mize achukue hataza, yaani kile cheti cha serikali kinachosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na mwingine asikiige. Akaenda Ofisi ya Hataza, ghorofa ya tano, kwa lifti iliyokuwa ikiishia ya tatu.

Huko alipokewa na karani aitwaye Mabruki, kijana nadhifu mwenye kalamu nyekundu. Fomu ilikuwa na kurasa tano. Nne zilikuwa za majina na vyeo vya maofisa watakaoipokea. Sehemu ya dai lenyewe, yaani maneno yanayoeleza ni kitu gani hasa kimebuniwa, ilikuwa mstari mmoja. Mize aliandika kwa mwandiko mdogo kadiri alivyoweza: mbuzi ya kukunia nazi yenye miguu minne inayokunjika, mgongo wa kukalia, na ulimi wa chuma wenye meno mbele.

Mabruki akaisoma, akafungua kalamu. Kwanza alikata "ya kukunia nazi", akieleza kwamba jambo linalojulikana na kila mtu halina haja ya kuandikwa. Kisha akakata "wa chuma", kwa kuwa mstari ulikuwa umekwisha. Mwisho akaifuta "yenye" na kuandika "mwenye". Mwongozo wa Lugha ya Serikali, alisema, unaeleza wazi kuwa mbuzi ni kiumbe chenye uhai.

Mize alimwambia kwamba hii haina uhai, ni ya mti wa mninga.

"Mama," Mabruki alimjibu kwa upole, "sarufi haiangalii mbao."

Dai likapigwa mihuri saba na kuwa sheria. Lilisomeka hivi: *Mbuzi mwenye miguu minne inayokunjika, mgongo wa kukalia, na ulimi wenye meno mbele.* Mize alilitia kwenye fremu, akalitundika karakana. Hakuona neno la kumtia wasiwasi. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba neno, kama msumari, ukilipigilia mahali pake linakaa.

*

Mwaka mzima mambo yalimnyokea. Wazee wenye magoti walitoka wilaya za mbali kuja kununua. Baadaye, katika maduka makubwa ya mjini, kikatokea kitu kiitwacho Kifaa Kunjufu. Kilitengenezwa na kampuni ya Bwana Tindwa, shemeji wa Waziri wa Ubunifu. Mize alikikunjua palepale dukani. Miguu ilikuwa ile, bawaba zilikuwa zile, na upande wa kushoto palikuwa na msumari usio na kazi, ambao yeye mwenyewe aliupigilia kwa makosa katika mbuzi yake ya kwanza. Kiwanda kilikuwa kimeuiga msumari ule kwa uaminifu mkubwa, katika kila kifaa.

Alikwenda kwa Wakili Fikirini, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la magodoro. Fikirini hakuwa amewahi kushinda kesi, lakini alisifika kwa kushindwa kwa adabu. Alipoona msumari akasema kesi hii hata yeye anaweza kuishinda.

Siku ya kesi wakili wa kampuni hakubisha kuhusu msumari. Hakubisha kuhusu chochote. Alisema mteja wake anaikiri na kuiheshimu hataza ya Bi Mize, mihuri yote saba. Kisha akafungua mlango, na mtumishi wake akaingia na mbuzi mwenye ndevu, akamfunga kwenye mguu wa meza.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "dai linasema mbuzi. Huyu ndiye mbuzi. Sisi tunatengeneza kifaa cha mbao. Hakili majani, hakina baba wala mama, na tangu tuanze biashara hakijalia hata mara moja."

Jaji Mwinyimkuu alitafakari. Sheria ya nchi ilisema maneno ya hataza yatapewa maana ya kawaida, kama yanavyoeleweka na mtu wa kawaida. Zamani ibara hiyo ilileta matatizo, kwani watu wa kawaida walikuwa wengi na kila mmoja alijiona anaelewa. Kwa hiyo serikali iliunda cheo cha Mtu wa Kawaida wa Taifa. Mwombaji alitakiwa awe na shahada tatu na uzoefu wa kuwa mtu wa kawaida usiopungua miaka kumi katika nafasi ya juu. Aliyekishika cheo hicho wakati huo alikuwa Profesa Balozi Gharibu Sadala.

Akaitwa. Barabara zilifungwa tangu alfajiri ili watu wengine wasimcheleweshe. Msafara wake ulikuwa wa magari saba. Aliingia mahakamani akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, na wote wakasimama, mbuzi pia.

Wakili Fikirini alimuuliza kama amewahi kumwona mtu akikuna nazi. Profesa alisema hapana, lakini amesoma ripoti. Aliulizwa tui linatoka wapi. Akajibu kwamba tui linatoka kwenye pakiti, upande wenye mkato. Ndipo jaji mwenyewe akamuuliza lile swali kubwa, na karani wa mahakama akanyanyua kalamu.

"Mbuzi," alisema Profesa Sadala, "ni mnyama. Huletwa siku ya Jumapili, pamoja na ndizi."

Mize alivumilia mpaka hapo. Akasimama, akasema kwa heshima kwamba humo ukumbini wamo wanawake zaidi ya arobaini, waulizwe hao. Wanawake wakaanza kuitikia. Jaji aliwanyamazisha. Akaeleza kwamba hao hawawezi kuhesabiwa kuwa watu wa kawaida machoni pa sheria, kwa sababu wana maslahi: wote hula wali.

Hukumu ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili. Mbuzi ni mnyama. Kifaa Kunjufu si mnyama. Kampuni haina hatia. Tena, kwa kuwa kampuni ilikwisha kusajili hataza yake yenyewe ya kifaa cha mbao cha kukunia nazi, Mize ndiye anayeiga. Alikatazwa kutengeneza vifaa hivyo, kuviuza, kuvirekebisha, na kukaa hadharani kwa mkao unaofanana na wa kukuna.

Watu wa Bwana Tindwa walikuja na lori wakachukua mbuzi zote za karakana. Walichukua hata ile ya Bi Mgeni. Aliwaacha waichukue akiwa ameikalia. Iliwabidi wambebe mpaka mlangoni ndipo akakubali kushuka.

*

Siku zile Mize hakulia. Alizipaka patasi zake mafuta, akazifunga moja moja kwa kitambaa kama anayezivisha sanda. Jioni walikula wali mweupe. Bi Mgeni, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa neno, aliula bila kusema chochote, na ukimya ule ndio uliomchoma Mize kuliko kurasa zote mia na kumi na mbili. Kilichomuuma si kuibiwa tu. Mwizi humwachia mtu haki ya kusema "nimeibiwa kitu fulani". Yeye alikuwa ameibiwa hata jina la kitu chenyewe.

Fikirini alimletea nakala ya hukumu kama mtu anayepeleka sukari msibani. Mize akawa anaisoma asubuhi nje ya karakana, si kwa kutafuta jambo, ila kwa kuwa mikono haikuwa na kazi. Mbele yake, uwanjani, alikuwapo mbuzi wa jirani, jike jeusi. Mbuzi yule alitafuna, akachoka, akaamua kulala. Akakunja magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akajishusha taratibu.

Mize akaweka hukumu chini. Akaingia karakana, akasoma kile cheti kwenye fremu. Akatoka tena, akamtazama mbuzi. Halafu akajifunga kanga ya pili akaenda kwa wakili.

"Wakili, mbuzi akitaka kulala hufanyaje?"

Fikirini alisema hajui, yeye ni mtu wa mjini.

"Hukunja miguu," Mize akasema. "Yote minne. Mgongo anao, ulimi anao, na mbele ya ulimi ana meno. Mahakama imesema mbuzi wangu ni mnyama. Sawa. Nipeni wanyama wangu."

Wakili Fikirini akavaa joho lake, ijapokuwa siku hiyo hakuwa na kesi.

*

Shauri la pili lilikwenda kwa jaji yuleyule, na Bwana Tindwa akashitakiwa tena, kwani mbali na kiwanda alikuwa na shamba la mbuzi mia tatu. Wakili wake alicheka mpaka aliposoma sheria. Sheria ilimkataza jaji kupingana na hukumu yake mwenyewe ndani ya mwaka mmoja, ili wananchi wasichanganyikiwe.

Alijaribu njia nyingine. Akasema mbuzi walikuwapo duniani kabla ya Bi Mize kuzaliwa, basi vipi atasema amewabuni? Jaji alimkumbusha kwamba katika shauri la kwanza yeye mwenyewe aliikiri hataza na mihuri yake yote. Mihuri inasema uvumbuzi ni mpya, na serikali haiongopi. Hao waliokuwapo zamani walikuwa wakikunja miguu bila kibali.

Akasema mgongo wa mbuzi si wa kukalia. Mahakama ikaamuru majaribio. Mtumishi wa mahakama, mtu mzito kiasi, alikalishwa juu ya mbuzi, na mbuzi alimvumilia kwa nukta nne kabla ya kumtua kwenye kiti cha mpiga chapa. Jaji aliandika kwamba dai halikutaja muda.

Mwisho aliletwa daktari wa mifugo, akaapa kwamba mbuzi hana meno ya mbele upande wa juu. Ilionekana Mize amekwisha. Jaji alisoma dai tena, mara mbili. Lilisema meno mbele. Halikusema juu, halikusema chini. Mbuzi akafunuliwa mdomo, na meno ya chini yakaonekana na kuingizwa katika kumbukumbu.

Basi ikaamuliwa kwamba mbuzi wote wa nchi ile wanaokunja miguu wamo ndani ya hataza ya Mize binti Kombo. Mwenye mbuzi aombe ruhusa kwake, la sivyo amzuie mnyama wake asikunje.

Wizara ya Mifugo haikuchelewa kutoa mwongozo. Maofisa wake walizunguka vijijini wakiwafundisha wafugaji namna ya kumsimamisha mbuzi usiku na mchana kwa fito. Katika wilaya moja mkuu wa wilaya alitangaza kwa fahari kwamba mbuzi wake wote wamesimama kwa siku nne. Siku ya tano alitangaza msiba.

Mize aliposikia hayo alikosa usingizi. Hakuwa amedhamiria kumnyang'anya mtu mnyama wake. Aliweka meza mlangoni na kuanza kuandika vibali, bure, kwa kila aliyefika. Kibali kilikuwa na maneno manne: *Mbuzi wako na akunje.* Watu walipanga foleni hadi barabara kuu. Aliandika siku tatu mpaka vidole vikavimba, na Bi Mgeni akawa anapiga muhuri kwa kiazi alichokichonga mwenyewe.

Wawili tu hawakuja kuomba. Mmoja alikuwa Bwana Tindwa, aliyeona haya. Dalali wa mahakama akaenda kwake na karatasi, akawaswaga mbuzi mia tatu hadi mtaa wa Banda la Mbao. Wa pili hakujua kwamba anapaswa kuomba. Wa pili alikuwa Mtukufu Mlezi.

*

Nchi ile ilikuwa na Mbuzi wa Taifa, beberu mweupe aitwaye Staha, mwenye cheo cha kapteni. Kila mwaka, Siku ya Uhuru, Staha aliongoza gwaride, akafika mbele ya jukwaa, na hapo, mbele ya mabalozi na kamera, akapiga magoti. Brigedia mmoja alikuwa amemfundisha kwa miaka miwili. Ilikuwa ishara kwamba hata wanyama wanakubali.

Mwaka ule Staha alipiga magoti vizuri kuliko wakati wowote. Akakunja ya mbele, akakunja ya nyuma. Uwanja ulilipuka kwa makofi.

Dalali wa mahakama alikuwa ameketi kwenye viti vya bure. Alikuwa mtu wa kutii sheria, ndiyo maana hakuwahi kupanda cheo. Aliona kwa macho yake hataza ikivunjwa hadharani. Akashuka ngazi, akavuka nyasi, akampa brigedia karatasi, akashika kamba. Brigedia aliisoma karatasi, akaona nembo ya taifa juu yake, akapiga saluti. Bendi haikujua ipige nini. Ikapiga wimbo wa kuaga viongozi. Staha akatolewa uwanjani kwa mwendo wa heshima.

Mtukufu Mlezi aliinama kwa mshauri wake wa kulia.

"Kwani mbuzi ni nini?"

Mshauri wa kulia alimtazama wa kushoto. Hakuna aliyethubutu kujibu. Jibu moja lilikuwa kinyume cha mahakama, na jingine lilikuwa limekwisha kumpokonya Mtukufu kapteni wake.

Kesho yake asubuhi mahakama iliitishwa kwa dharura. Sheria ya kutopingana ndani ya mwaka ilirekebishwa kabla ya chai: sasa jaji aliruhusiwa kupingana na hukumu yake mwenyewe, mradi zote mbili zibaki sahihi. Profesa Sadala aliondolewa kwenye cheo kwa kosa la kukosa ukawaida, na inasemekana alilipokea jambo hilo kwa mshangao usio wa kawaida.

Jaji Mwinyimkuu, macho yakiwa mekundu kwa kusoma kurasa zake mwenyewe, alimuuliza Mize nini hasa anachokitaka. Alikuwa tayari, alidokeza, kumsikiliza akitaja hata idadi ya mbuzi.

Mize alisimama. Alikuwa ameandaliwa hotuba na Fikirini, karatasi mbili. Akaikunja.

"Mheshimiwa," akasema, "sitaki mbuzi wa mtu. Nataka mbuzi yangu."

Ukumbi mzima ulimwelewa. Wanawake arobaini walimwelewa, mapolisi mlangoni walimwelewa, na wakili wa kampuni alimwelewa akainamisha kichwa. Hata jaji, ambaye mama yake alimlea kwa kuuza vitumbua, alimwelewa, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia harufu ya jikoni kwao. Neno lilikuwa lilelile moja mara mbili, na hakuna aliyehitaji profesa kumwambia lipi lina ndevu na lipi lina bawaba.

Hukumu mpya ilikuwa na kurasa mia mbili na nne. Tindwa aliamriwa kufunga kiwanda cha Kifaa Kunjufu na kurudisha kila kilichobebwa na lori. Staha alirudi kambini akiwa na kibali shingoni. Mbuzi mia tatu walirudishwa shambani, ila mmoja aliyekuwa amemzoea Bi Mgeni akakataa kupanda gari. Dai lenyewe lilirekebishwa kwa kalamu, "mwenye" ikafutwa na kuandikwa "yenye", na Mabruki aliyepewa kazi hiyo alionekana akijifuta machozi, si kwa toba, bali kwa uchungu wa sarufi.

*

Karakana ikafunguliwa. Bi Mgeni akakaa tena kwenye mbuzi yake, magoti yakiwa yamepumzika, na wali wa nyumba ile ukarudia rangi na harufu yake. Ingefaa mambo yaishie hapo, na katika nchi yenye sheria chache yangeishia.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, gari jeusi lilisimama mbele ya karakana. Wakashuka maofisa watatu wakiongozwa na Katibu Mkuu wa Wizara ya Ubunifu, wakiwa na barua iliyofungwa kwa utepe. Mtukufu Mlezi alikuwa amevutiwa sana. Kwa kuwa kiti kilikuwa wazi, alikuwa amemteua Mize binti Kombo kuwa Mtu wa Kawaida wa Taifa.

Katibu Mkuu alimsomea masharti. Atahamia kwenye nyumba yenye ukuta. Atakuwa na magari saba. Hatachanganyika na majirani, wasije wakamwambukiza maana zao. Hatagusa randa, patasi wala nazi, kwa sababu mtu wa kawaida hapaswi kuegemea fani yoyote. Na kila neno litakaloleta utata nchini, yeye ndiye atakayelitolea maana, na ataapishwa Jumatatu.

Mize alikuwa na ubao mapajani. Alipuliza vumbi la mbao.

"Hapana," akasema.

Katibu Mkuu aliliandika neno hilo kwenye daftari, akalikagua. Alisema wizara imelipokea jibu lake kwa shukrani. Bahati mbaya jibu lina neno moja, na neno lisilo na maelezo huhitaji kutolewa maana ya kawaida. Mwenye mamlaka ya kuitoa ni Mtu wa Kawaida wa Taifa. Kiti hicho kwa sasa kiko wazi. Kwa hiyo, mpaka yeye mwenyewe atakapoapishwa, serikali haina njia ya kujua amesema nini.

Mize akarudia: hapana. Katibu Mkuu alionekana kuhuzunika. Hapana mbili, alisema, huleta swali gumu zaidi, kwa kuwa zinaweza kuwa zinafutana.

Maofisa wakabaki wamesimama. Kurudi bila jibu hawakuweza; kuondoka na jibu wasilolielewa kisheria kulikuwa hatari zaidi. Jua lilipanda. Mmoja wao akauliza kwa aibu kama wanaweza kusubiri kivulini.

Mize aliwatazama suti zao, akaona huruma kidogo. Akaingia ndani, akatoka na mbuzi tatu, akazikunjua miguu, akaziweka kivulini mstari mmoja. Maofisa wakaketi. Bi Mgeni akaleta kapu la nazi na panga, akapasua, akampa kila mmoja kizio. Aliwaonyesha mara moja tu. Kisha akaketi mbele yao na upawa mkononi, akimkumbusha Katibu Mkuu asikune mpaka kwenye kifuu, maana weusi ukiingia tui linaharibika.

Hawakupinga. Hapakuwa na sheria iliyowazuia, na kazi, walipoizoea, ilikuwa na utamu wake. Kufika adhuhuri Mize alikuwa amemaliza kuupiga randa ubao wake, ofisa wa kwanza alikuwa amevua koti, wa pili tai, na Katibu Mkuu alikuwa amefikia nazi ya tisa, naye Bi Mgeni alikuwa ameanza kumsifu.